Bi Idadi na Swali la Pili

Nikiulizwa kazi yangu nasema mimi ni mkunga. Nikiulizwa ya dada yangu nasema: mimi nawapokea watu, yeye anawahesabu. Wengi hucheka. Wale waliosomeshwa naye hucheka huku wakiangalia nyuma, maana dada hakuwahi kuona mzaha katika jambo hilo, na mpaka leo kuna wanaume wenye mvi wanaotoa mikono mifukoni wakimwona anapita.

Alifundisha jiografia katika sekondari ya mji wetu tangu alipotoka chuoni hadi alipostaafu. Wanafunzi walimpachika jina la Bi Idadi. Mawe, mito na mvua alivifundisha kwa sababu vimo kwenye mtaala, tena harakaharaka, kama mtoto anayemaliza mboga ili aifikie nyama. Nyama yake ilikuwa watu: wanazaliwa wangapi, wanakufa wangapi, wanakaa wapi na kwa nini wakae huko, wanahama kwenda wapi. Akifika hapo sauti yake ilishuka na darasa lilinyamaza lenyewe.

Hakupenda kufundisha kwa kitabu kitupu. Alikuwa na pipa. Alilitoboa mwenyewe matundu mawili upande wa chini, akalipeleka darasani, akawasimamisha wanafunzi wawili kando yake na ndoo za maji. "Ndoo ya huyu ni vizazi," alisema. "Ya huyu ni wageni wanaohamia. Tundu hili ni vifo, lile ni wanaoondoka. Haya, mwageni, halafu mniambie maji yanapanda au yanashuka." Sakafu ililowa, mwalimu mkuu alilalamika, lakini mtoto aliyeingia akidhani watu huongezeka kwa kuzaana tu alitoka akijua kwamba mji unaweza kupungua hata kama kila nyumba ina mtoto mchanga, mradi tundu la pili ni pana.

Msongamano aliufundisha kwa mkeka. Aliutandika uwanjani, akalipandisha darasa zima juu yake, wakasimama wakikanyagana vidole na kupumuliana shingoni. Kisha akawatawanya uwanja mzima. "Watu ni walewale," aliwaambia. "Kilichobadilika ni eneo. Mtu akikuambia nchi imejaa, muulize kwanza mkeka una ukubwa gani, na kwa nini wote wamejibanza pembe moja." Halafu wakaanza kutaja sababu za watu kujibanza pembe moja: maji, udongo mzuri, barabara, kazi. Sisi tulijibanza kwa ajili ya kazi. Wazazi wetu walikuja hapa kwa sababu ya kiwanda cha magunia, na mji wote ulikuwa umekizunguka kiwanda hicho, nyumba za mistari mistari, milango ya bati, na king'ora kilichotuamsha sote kwa pamoja.

Kila mwaka kidato cha pili walitoka na kalamu zao, wakapita mitaa ya karibu na shule nyumba kwa nyumba, wakauliza kila mkazi umri wake. Kisha walichora kwa rangi, kwenye ukuta wa nyuma wa darasa, ile piramidi ya watu: wanaume kushoto, wanawake kulia, watoto wachanga chini, wazee juu. Mchoro haukufutwa mpaka darasa la mwaka uliofuata lilete wa kwake. Mimi nikipita pale nilikuwa nachungulia dirishani kutazama mstari wa chini kabisa, maana ule ulikuwa wangu. Wote wale niliwapokea kwa mikono hii, katika wodi yetu ya uzazi yenye vitanda vichache na dirisha linaloelekea kiwandani. Miaka hiyo mstari wangu ulikuwa mrefu kuliko yote, na nilijivuna nao kama vile nimewazaa mimi.

Kisha kiwanda kikafungwa. Sitaki kuyasimulia hayo kwa kirefu, kila mtu anajua kiwanda hufungwa vipi: kwanza zamu ya usiku, halafu ahadi, halafu kufuli. Waliondoka kwanza vijana wasio na wake, halafu wenye wake, halafu wake wakawafuata na kuwaacha watoto kwa bibi zao. Piramidi ya ukutani ikaota kiuno kama cha nyigu. Juu wazee, chini watoto wa kuachiwa, katikati uwazi. Dada alisimama mbele ya mchoro ule akawaambia wanafunzi, "Hapa katikati ndipo anapokaa anayewalisha wa juu na wa chini. Akiondoka, wa juu na wa chini wanabaki kutazamana." Na aliongeza neno ambalo mji mzima ulilichukua, mpaka wauzaji wa sokoni wanalitumia hadi leo: mji hauuawi na vifo, unauawa na mabasi.

Basi mojawapo kati ya hayo lilimchukua mwanawe. Alikuwa naye huyo mmoja tu. Shemeji yangu, fundi mitambo wa kiwanda, hakudumu sana baada ya kukosa mitambo; alikaa barazani akitazama mikono yake, akaugua, akafa. Mtoto alikuja kumzika baba yake, akarudi mji mkubwa alikokuwa anatengeneza majokofu, na hakuja tena. Hawakugombana. Watu walitaka sana kusikia kwamba waligombana, ingewapa la kusema, lakini hapakuwa na ugomvi. Kulikuwa na likizo fupi, nauli ndefu, mke, mtoto wa kike aliyezaliwa huko, na simu za sikukuu. Umbali nao una mazoea yake. Mwaka wa kwanza unauma, wa pili unawasha, halafu unakuwa hali ya hewa.

Dada hakulalamika. Angelalamika vipi? Alikuwa ameifundisha mada yenyewe. Nilimchokoza siku moja nikamwambia, "Dada, mwanao amekuwa mfano wa somo." "Mfano mzuri," akasema, akaendelea kuchambua mchele. Nilijuta, lakini na mimi ulimi wangu hauna breki.

Kila ilipofika sensa walimfuata awe msimamizi wa makarani wa eneo letu, hata alipostaafu. Hapakuwa na mwingine wa kumfikia. Na mji wetu, kwa ajili yake, ulikuwa labda ndio mji pekee ambao hata muuza mkaa anaijua kanuni ya sensa: anayehesabiwa ni aliyelala katika nyumba usiku wa kuamkia siku ya kuhesabiwa. Awe mgeni, awe mwenyeji, awe mpitanjia aliyeomba hifadhi, amelala hapa, anahesabiwa hapa. Wamama walimsihi awaandikie wanao waliokwenda mbali. Walimwambia mtoto wangu kitanda chake hiki hapa, shuka hizi hapa, vipi umwache? Dada aliwajibu kwa upole lakini hakuyumba. Mtoto aliyelala kwingine atahesabiwa kwingine. Ukimwandika na hapa umemfanya wawili, na mtoto wako ni mmoja.

Sasa nifike kwenye lile lililotufarakanisha.

Mwaka wa sensa ya mwisho ilikuja taarifa kwamba kituo chetu cha afya kitapimwa kwa idadi ya wakazi. Tukifikia kiwango, wodi ya uzazi inabaki. Tusipofika, wodi inafungwa, kinabaki chumba cha sindano na vidonge, na mwanamke mwenye uchungu atapandishwa gari hadi hospitali kuu, kwa barabara ile inayogeuka tope mvua ikinyesha. Hivyo ndivyo walivyotuambia, na mimi niliyesimama katika wodi ile ujana wangu wote nilihisi kama mtu ananivua nguo mbele za watu.

Mwenyekiti wetu wa mtaa akaitisha mkutano katika ukumbi wa shule. Huyu naye alisomeshwa na dada. Sisi tunamwita Kipaza, maana hajawahi kunong'ona hata msikitini wala kanisani. Kipaza alisimama, akatabasamu, akasema, "Ndugu zangu, mwalimu wetu alitufundisha nini? Aliyelala ndiye anayehesabiwa. Si ndivyo, mwalimu?" Dada, aliyeketi mbele, akaitikia kwa kichwa. "Basi," akasema Kipaza, "waje walale."

Ukumbi ukaanza kuchemka. Kila mtu awapigie wanawe, wapwa zake, kaka zake. Waje usiku ule mmoja. Magodoro yatatandikwa hata kwenye madarasa. Hakuna uongo hapo, ni kanuni yenyewe. Watu waligonga madawati. Mimi niligonga kuliko wote.

Dada alinyanyuka. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti, kwa hiyo ilibidi wanyamaze. "Kuna swali la pili," alisema. "Karani akishauliza nani kalala hapa, anauliza: huyu anaishi wapi kwa kawaida? Wodi inapimwa kwa wanaoishi. Wageni wanahesabiwa, ndiyo, lakini wataandikwa ni wa kwingine."

"Watajibu wanaishi hapa," akasema Kipaza, kana kwamba anamjibu mtoto. "Kuna mtu ataombwa kitambulisho? Ni neno la mtu tu."

"Litakuwa neno la uongo."

"Mwalimu, ni neno la kuokoa mama zetu na watoto wao. Uongo wa namna hiyo hata malaika anageuza uso." Watu wakacheka. Dada akafungua mdomo amjibu, na ndipo Kipaza, kwa furaha tupu, bila hila yoyote, akatoa karata yake. "Na usijali, mwalimu wangu. Nimewapigia wengi tayari. Hata mwanao amekubali. Kaniambia anakuja kulala kwako."

Nilikuwa nimeketi kando ya dada. Niliona mkono wake ukishika ukingo wa dawati. Akaketi, na mkutano wote ule hakutamka neno tena. Watu walidhani amekubali. Mimi nilijua amenyamazishwa, na nilijua kwa nini, na nilifurahi. Niliyafikiria maneno mawili tu: wodi yangu.

Siku zilizofuata alifanya kazi zake zote mbili. Asubuhi aliwafundisha makarani shuleni, akawaambia neno kwa neno namna ya kuuliza, akawaonya wasimjibie mtu. Jioni aliandaa chumba. Aligeuza godoro juani pande zote mbili. Alibadilisha taa. Alinituma nimtafutie foronya mpya kisha akaikataa, akaenda mwenyewe kuchagua nyingine. Alipika akionja, akaniuliza kama mtoto bado anapenda pilipili, nami nikamwambia, dada, huyo si mtoto tena, ana upara. Alicheka. Ilikuwa muda mrefu sijamsikia akicheka hivyo, na kicheko kile kilinitia woga, kwa sababu mtu akifurahi namna ile ana kitu cha kupoteza.

Nilimuuliza waziwazi. "Utamwacha ajibu wanavyotaka?"

"Sijui," akasema. Katika maisha yangu sikuwahi kumsikia dada yangu akisema sijui.

Walikuja. Alasiri ile ya kuamkia sensa mabasi yalileta watu badala ya kuwachukua, na stendi ilijaa mabegi na vilio vya kukumbatiana. Nyumba zilizokuwa na bibi na paka zilisikika kelele za watoto. Watu walilala varandani, walilala jikoni, wawili wawili kitandani kama zama za utoto. Kile kiuno cha nyigu kilijaa tena. Nilipotoka kazini nilizunguka mitaa ile makusudi tu, nipite katikati ya watu wa rika la wanangu, nisikie jinsi sauti ya mji wetu ilivyokuwa zamani. Sikujua kwamba nilikuwa nimeisahau.

Mwanawe naye alifika. Alikuwa amenenepa, na ana ile harufu ya sabuni ya mji mkubwa. Alimwamkia mama yake kwa kuinama, kisha akanigeukia. "Shikamoo, mama mdogo." Nikamjibu marahaba, nikampiga kibao kidogo cha bega kwa miaka yote ile, akacheka. Alitoa simu kutuonyesha mtoto wake: msichana mwembamba mwenye sare ya shule na pengo la meno ya mbele. Dada aliishika simu ile kwa mikono miwili. Hakuirudisha mpaka skrini ilipozimika yenyewe, na hata hapo hakuirudisha mara moja.

Asubuhi niliwahi kwao, kwanza nimwone tena mpwa wangu, pili, niseme kweli, nilinde jibu. Tulikuwa mezani, chai imemiminwa, karani alipobisha hodi. Alikuwa binti mmoja mpole aliyesomeshwa na dada mwaka wa mwisho kabla ya kustaafu, na kwa heshima alivua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia. Aliketi ukingoni mwa kiti na kishikwambi chake mapajani. Hebu fikiria, unamhesabu mtu aliyekufundisha kuhesabu watu.

"Mkuu wa kaya?"

"Mimi," akasema dada.

"Waliolala hapa usiku wa kuamkia leo?"

"Mimi na mwanangu."

Aliuliza umri, elimu, kazi. Mpwa wangu alijibu yake kwa utulivu, fundi majokofu, ameoa, mtoto mmoja. Kisha binti akasoma swali lilivyoandikwa, bila kupunguza wala kuongeza, kama alivyofundishwa.

"Kwa kawaida unaishi wapi?"

Mpwa wangu alinitazama kidogo. Kisha akasema, "Hapa. Naishi hapa, kwa mama."

Binti akagusa kioo. Nilipumua. Dada alikuwa ameshika kikombe na hakunywa wala hakukiweka chini. Uso wake ulikuwa uso nisioujua. Ungeweza kusema ni mtu aliyeambiwa jambo la heri akawa hajui afanye nini na mikono yake. Binti alikuwa anakwenda kwenye swali linalofuata.

"Futa," dada akasema.

"Mwalimu?"

"Futa hilo. Haishi hapa."

"Mama," mpwa wangu akasema polepole, "si wote tumekubaliana? Ni kwa ajili ya wodi ya mama mdogo."

"Mlikubaliana ninyi."

Nami nikaingilia, sikuweza kujizuia. "Dada, mwache mtu ajibu mwenyewe. Si umewafundisha makarani wasimjibie mtu? Mwenyewe kasema."

Hakunigeukia. Alikuwa anamtazama mwanawe. "Ukipandwa na homa," akamuuliza, "nani anakuchemshia maji?"

Mpwa wangu akakoroga chai yake.

"Nakuuliza, mwanangu. Nani?"

"Mke wangu."

"Na yule binti yako, akitoka shule, anakuta nani anamsubiri?"

"Mama yake. Siku nyingine mimi."

"Basi huko ndiko unakoishi," dada akasema. "Andika huko, binti yangu. Taja mji, mtaa, kila kitu. Mtoto ana baba yake huko, sitamwondoa kwenye nyumba yao ili nimweke kwenye yangu." Akamgeukia mwanawe tena, na sauti yake haikupanda. "Taja mtaa wako. Siujui."

Akautaja. Karani akaandika. Nilisukuma kiti changu nyuma nikatoka, na nilitoka vibaya, nikiacha mlango wazi.

Habari ya jibu lile iliwatangulia makarani nyumba hata nyumba. Kipaza alizunguka akiwahimiza watu washikilie, na wengine walishikilia. Wengine, waliposikia Bi Idadi amemwandika mwanawe wa pekee kuwa ni wa kwingine, waliona aibu, wakasema kweli. Bibi mmoja jirani, aliyekuwa na wajukuu wanne wamelala kwake, aliniambia, "Kama yeye ameweza, mimi nani?" Alasiri mabasi yaliwarudisha walikotoka. Mpwa wangu alikwenda nao. Sikwenda kumuaga.

Kiwango hatukukifikia. Nisiseme ni kwa sababu ya dada peke yake. Labda hata kwa uongo wa mji mzima tusingefika, tundu lilishakuwa pana. Lakini wakati ule sikutaka hesabu hiyo. Nilitaka mtu wa kumlaumu, na mtu alikuwepo, tena tumezaliwa tumbo moja. Walikuja na lori wakapakia vitanda vyangu, mizani ya kupimia watoto, na kile kitanda cha kujifungulia ambacho nusu ya mji ilianza maisha juu yake. Nilibaki na chumba cha sindano. Wazee walikuja kupimwa presha, nikawafunga kile kitambaa mkononi na kupampu, na nikawa simsemeshi dada yangu. Tulipishana sokoni kama wapangaji.

Watu walimtukana pia. Si hadharani, mji wetu una adabu, lakini aliyasikia. Kina mama waliojifungulia njiani, kwenye gari, walitaja jina lake. Mmoja alimpoteza mtoto. Sitamwambia mtu kwamba dada hakuhusika, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kusema hakuhusika. Alikwenda mazishini, akaketi nyuma kabisa, akabaki mpaka wote walipoondoka.

Ni yeye aliyenifuata. Nilikuwa nafagia ile wodi tupu. Hakuna aliyeniagiza kuifagia, ila siwezi kuona vumbi mahali pale. Alisimama mlangoni na kanga yake mabegani, akaomba ufagio wa pili. Nikamwonyesha kwa kidole ulipo. Tulifagia bila kusemezana, yeye upande wa dirisha, mimi upande wa ukuta, mpaka tukakutana katikati. Nilimwona amezeeka. Mgongo ulikuwa umeanza kukunjika, na nilifikiri, huyu sasa yumo katika mistari ya juu, na mimi niko chini yake kidogo tu.

Nikamwambia lililokuwa limenikaa kooni. "Ungenyamaza, dada. Kunyamaza tu. Hakuna aliyekuomba useme uongo. Mtoto alishajibu."

Aliuegemea ufagio.

"Unadhani sikutaka?" akasema. "Tangu siku tuliyomzika baba yake nilikuwa naomba nisikie maneno hayo tu. Nikiamka naomba, nikilala naomba. Nilijiambia, siku moja ataingia kwa mlango ule na kusema, mama, naishi hapa. Nilijua hata atakavyoyasema." Alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Akayasema, mdogo wangu. Uliyasikia na wewe. Aliyasema vizuri kabisa, kama nilivyoyaomba. Na hayakuwa kweli, na mimi ndiye niliyemwambia yule binti ayafute."

Ufagio ulimtoka mkononi. Nilimshika nikamketisha sakafuni, maana hapakuwa na kitanda hata kimoja, nikaketi naye hapo mpaka alipomaliza kulia.